Mtoto Aliyezaliwa na Wifi Yangu

Miezi mitano ya mwanzo ya maisha yake, mtoto wangu alikuwa na mama mwingine. Sisemi mlezi, wala sisemi yaya. Nasema mama, yule anayeandikwa kwenye karatasi ya serikali, pale palipoachwa kwa ajili ya mtu aliyebeba mimba na kuzaa. Pale palikuwa na jina la wifi yangu, dada wa mume wangu, na namba ya kitambulisho chake, na kazi yake, ualimu. Langu halikuwapo hata herufi moja. Siku hizi nikisimulia habari hii watu huniambia nipoe, mambo yamekwisha. Yamekwisha kwao.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga, kwenye machungwa. Mume wangu ni Mjaluo wa Homa Bay, Kenya. Alikuja kwetu na kampuni ya barabara, akakaa mwaka na nusu, akanioa kanisani mbele ya mama yangu, na barabara ilipokwisha tukahamia Migori, akafungua duka la vipuri hapo Suna. Nilipofika nikapewa pasi ya mtegemezi. Ndivyo inavyoitwa. Mimi niliyekuwa na cherehani yangu mwenyewe tangu nina miaka kumi na tisa, niliyeishonea kwaya nzima na bado wadogo zangu wakaenda shule, nikagongewa muhuri kwamba ni mtegemezi na siruhusiwi kufanya kazi ya malipo. Kutwa nikawa nakaa ndani namsubiri mtu arudi na nyanya.

Mimba ilipoingia nilijua nitakwenda kuzaa wapi. Kwetu mimba ya kwanza inapelekwa kwa mama. Ukifika mwezi wa saba unafungasha, mama yako anakupokea, unakandwa kwa maji ya moto siku arobaini, unanyweshwa uji wa pilipili manga mpaka unauchukia, ndipo unarudishwa kwa mumeo na mtoto wako kifuani. Kumbe kwa Wajaluo huo ni mwiko mkubwa. Binti aliyeolewa hazai kwenye boma la baba yake, italeta balaa. Mama mkwe aliposikia mipango yangu alikaa chini kwanza. Aliniita Nyar Tanga, binti wa Tanga, kama wanavyowaita wake wote kwa kwao walikotoka, akaniambia hilo jambo nisilitamke tena. Mimi nikalitamka kila siku. Mume wangu aliamua ugomvi wetu kwa njia anayoijua, yaani alinyamaza.

Na mama yangu hakuweza kuja. Mwaka uleule sukari ilikuwa imeondoka na mguu wake wa kulia, chini ya goti. Alikuwa kitandani Muheza, akijifunza upya kukaa. Kwenye simu hakuniuliza habari za Kenya, aliniuliza tumbo limekaa juu au chini, na akasema nikija nitamkuta amekwisha kushona vibwende vya mtoto, maana mikono bado anayo miwili.

Mwishowe aliyekata shauri hakuwa mama mkwe wala mimi. Pasi yangu iliisha muda. Tukampa wakala mmoja paspoti yangu aishughulikie, akasema wiki mbili, akakaa nayo miezi na miezi. Mara mtandao, mara mkubwa amesafiri, mara yeye mwenyewe amefiwa. Shemeji mmoja akanishauri nipite njia za panya kule Ntimaru, mpakani, watu wanapita kila siku na mbuzi wao. Nikamwambia mimi si mbuzi. Mwezi wa nane ukaingia nikiwa bado Suna, na mume wangu akanipeleka kwa mama yake, kwenye boma lao nje kidogo ya mji wa Homa Bay, eti nipate mtu wa kuniangalia.

Wa kuniangalia ndiye huyo wifi. Alikuwa anafundisha shule ya msingi jirani na hapo, kwa hiyo siku za masomo alilala kwa mama yake, shule zikifungwa anarudi Sori kwa mumewe, mfanyabiashara wa samaki. Wameoana miaka saba na hawakuwa na mtoto. Hilo lilijulikana na halikuzungumzwa. Na nisiseme uongo, alinitunza. Alinichotea maji, alinikata kucha za miguu nilipokuwa siwezi kuinama, alikuwa akiniwekea sikio tumboni bila kuomba ruhusa na kucheka peke yake. Ni mwanamke wa kupanga mambo. Anakupanga na wewe ndani yake.

Uchungu ulianza Jumamosi asubuhi, Sabato, boma zima liko kanisani. Wifi aliitwa akaja mbio na nguo zake nyeupe za ibada, akatafuta gari la jirani, akanisukumia ndani. Njiani akanipanga.

"Sikiza," akasema. "Bima ya ndugu yangu haijakuandika, na pasi yako imeisha. Wakianza kuuliza huyu ni mtu wa wapi tutakaa pale mpaka jioni. Utaingia na kadi yangu na kitambulisho yangu. Mimi nitasema wewe ndiye mimi."

"Na wakiniuliza?"

"Wewe usiongee. Hiyo Kiswahili yako wakisikia, wanajua mara moja we si wa huku."

Nilikubali. Nataka niliseme hili mwenyewe kabla hajanisemea mtu. Tumbo lilikuwa linanikata vipande, nikaitikia kwa kichwa, na nilichofikiri ni kwamba wifi yangu ana akili sana. Ile picha ya kitambulisho haikufanana na mimi, haikufanana na yeye pia, na mapokezi kulikuwa na watu wengi. Tukaingia.

Basi nikazaa nimefumba mdomo. Mnaonijua mnajua maana yake. Mimi nikijikwaa kidole jirani wa tatu anapata habari. Kwetu mzazi anamwita mama yake, anamtukana mumewe, anasema yote, na hakuna anayemshangaa. Mimi nilikuwa nimeng'ata pindo la kanga na muuguzi, mwanamke mpole kabisa, ananiita Mwalimu. Mwalimu, pumua. Mwalimu, usisukume bado. Mara moja tu yalinitoka, nikasema, "Nakufa miye." Muuguzi akacheka akasema Mwalimu leo ameongea kama watu wa redio. Wifi akamjibu haraka kwamba nimesoma sana. Nilitamani kumpiga teke, lakini miguu haikuwa yangu.

Mtoto akatoka, wa kike, ana nywele nyingi, analia kwa sauti yote ambayo mimi nilinyimwa. Nikalala. Nilipoamka wifi alikuwa amembeba karibu na dirisha na karatasi zote zimekwisha kujazwa.

Siku ya tatu, nyumbani, nikaifungua bahasha. Nikasoma jina la mama. Nikasoma tena. Jina la baba lilikuwa la mume wa wifi, kwa sababu bima ilikuwa yao wawili na waliuliza baba ni nani na yeye akajibu kama alivyoulizwa. Kwa hiyo kwa mujibu wa ile karatasi nilikuwa nimekaa pale kwenye boma nikimnyonyesha mtoto wa watu wa Sori.

Nilimpigia mume wangu simu. Nilipomwambia jina langu halipo alisema pole, wanawake mtalimaliza. Nilipomwambia na lake halipo akaja siku ileile. Alisimama uani anafoka, mtoto wake ameandikwaje mtu wa Sori, damu yake inapelekwaje kwenye boma la watu, yeye amekufa au yuko hai?  Jina langu kukosekana lilikuwa jambo la wanawake. La kwake kukosekana likawa msiba wa ukoo.

Mama mkwe alimtuliza. "Yawa, jamani, mtoto iko hapa, amelala, mnapigania karatasi," akasema. "Nyar Tanga, huyu ni wetu sisi wote. Hakuna mtu atamchukua."

"Sisemi atachukuliwa, mama," nikamwambia. "Nasema nimemzaa mimi."

Wifi akaapa watalirekebisha. Akaichukua ile karatasi, maana ilikuwa na jina lake na ni yeye angepeleka. Mwezi wa kwanza kulikuwa na mitihani. Mwezi wa pili mkuu wa shule hakumpa ruhusa. Halafu akasema ameulizia, kumbe kutumia kadi ya bima kwa mtu mwingine ni kosa, anaweza kupoteza kazi, tungoje upepo upite. Upepo gani? Hakuna aliyekuwa anatutafuta. Huku wakala akaamka usingizini akanirudishia paspoti na pasi mpya, muhuri mbichi, ruksa kwenda na kurudi. Kwenda na kurudi na nani? Mpakani wanataka karatasi ya mtoto. Nikitoa ile, mimi ni mke wa mjomba wake, nimembeba mtoto wa watu nampeleka nchi nyingine.

Kila jioni mama yangu alipiga simu. Anasikia mtoto analia kwa nyuma, anasema mlete hapa kwenye simu, namweka, naye anamwimbia. Vibwende vilikwisha zamani na mtoto alikuwa amevipita kwa ukubwa. Sikumwambia ukweli. Ningemwambiaje kwamba nimezaa kwa jina la mtu? Nikasema bado tunasubiri pasi.

Mwezi wa tano nilitoka Suna, nilikokuwa nimekwisha kurudi kwa mume wangu, na mtoto mgongoni nikaenda Homa Bay bila kuaga. Nilimkuta wifi uani anasahihisha madaftari. Nikamwomba ile karatasi, nitaipeleka mwenyewe ofisini, yeye abaki na shule yake. Akasita. Akaingia chumbani kwake, akakaa sana, akatoka nayo. Alikuwa ameitia plastiki. Ameipeleka mjini, imepigwa plastiki pande zote mbili, imekakamaa, pembe zimekatwa duara kama cheti cha mtu aliyehitimu.

Karatasi unayokusudia kwenda kuirekebisha huitii plastiki. Hilo halihitaji kusoma. 

"Umeitunzia nini hii?" nikamuuliza.

"Isiharibike."

"Ulitaka isiharibike mpaka lini?"

Akageukia madaftari yake. Mama mkwe alikuwa ametoka jikoni, majirani wawili walikuwa kwenye uzio, na mtoto alikuwa ameanza kulia mgongoni. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na kila sababu ya kunyamaza na sikunyamaza. Nikamtolea uvivu kwa Kiswahili changu chote, kilekile nilichokatazwa, kila mtu asikie. Nikasema, "Kama unataka mtoto, wifi, zaa wako."

Kuku tu ndio waliendelea na shughuli zao. Wifi aliinama akaokota kalamu yake nyekundu, akafunga daftari lililokuwa wazi, akalipanga juu ya mengine. Mama mkwe akaniambia, kwa utulivu ambao sijawahi kuusikia kwake, nimwite mume wangu aje anichukue. Nikamwita. Akaja akanirudisha Suna. Nilikuwa bado na hasira na nilijiambia nimesema kweli. Kusema kweli kuna ubaya gani? Nilijiambia hivyo mpaka Jumatano, halafu nikawa siwezi kujiambia vizuri.

Wiki mbili zilipita. Kisha wifi akapiga simu. Hakunisalimu. "Kesho saa tatu, mbele ya ofisi ya vizazi," akasema. "Kuja na mtoto. Kuja na ile kitabu ya kliniki ya Migori." Akakata.

Kitabu cha kliniki ndicho kilikuwa shahidi wangu wa pekee, maana Migori nilipimwa kwa jina langu, uzito wangu, damu yangu, tumbo langu sentimita kwa sentimita. Nilikibeba ndani ya nguo. Nilimkuta amefika kabla yangu, amevaa sketi yake ya shule, amebeba bahasha kubwa ya kaki kwapani. Alimtazama mtoto mara moja na akatazama pembeni.

Kwanza ilitakiwa hati ya kiapo. Kando ya ofisi kulikuwa na kibanda cha kupigisha chapa, na mwanamke wa kompyuta alikuwa na haraka na sauti kubwa, kwa sababu ya jenereta. Akauliza tunaapa nini. Wifi akamwambia andika kwamba huyu mtoto si wangu.

"Ni mtoto wako wa ngapi ndio si wako?" mwanamke akauliza. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuelewa.

"Sina mtoto."

"Sina mtoto kwa sasa, ama?"

"Andika sijawahi kushika mimba na sijawahi kuzaa."

Akaandika. Kisha akasoma yote kwa sauti ili tuhakikishe, na watu waliokuwa kwenye foleni nyuma yetu wakahakikisha pamoja nasi. Wifi akasema ndiyo, ni sawa, jina la shule tu ndilo limekosewa herufi, rekebisha.

Ndani, karani alikuwa mzee mwenye miwani aliyesoma kila kitu pole pole. Kiapo, kitabu changu, cheti cha ndoa, barua ya mumewe wifi aliyokuwa ameisaini Sori kukubali kwamba mtoto si wake. Akaichukua ile karatasi ya plastiki akaigeuzageuza. Akasema kiapo kinasema leo hivi, karatasi inasema juzi vile, na zote mbili ni maneno ya mtu mmoja. Atajuaje ni lini mwalimu amesema kweli? Pengine mwalimu amemzaa huyu mtoto na sasa anataka kumgawa. Alisema angehitaji kitu cha daktari.

Nikafura. Nikaanza kumjia juu yule mzee, kwamba maziwa haya yanayonilowesha gauni hapa mbele yake ni ya nani, kwamba mtoto si gunia la dagaa la kusema leo wa huyu kesho wa yule. Wifi akanishika mkono, akanisogeza kando kidogo kama anavyosogeza watoto mlangoni, akafungua ile bahasha ya kaki.

Zilikuwa karatasi za miaka saba. Za Homa Bay, za Migori, za Kisii, za Kisumu. Picha nyeusi za tumboni, majibu ya damu, barua zenye mihuri, risiti zilizofifia. Alizipanga juu ya kaunta moja moja kwa mpangilio wa tarehe, kwa mikono yake ya mwalimu, mpaka kaunta ikajaa. Karani akasoma ya kwanza, akasoma ya pili. Akavua miwani.

"Inatosha, mwalimu," akasema.

"Hapana. Soma." Hakuwa analia. Ilikuwa hasira, naijua hasira nikiiona. "Ulitaka kitu ya daktari. Nimekuletea ya madaktari wote. Soma mpaka mwisho, ndio huyu apate jina yake."

Akasoma. Mzee wa watu alisoma zote, kichwa chini, na sisi wanawake wawili tumesimama, na mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuweka macho yangu. Alipomaliza akagonga muhuri kwenye fomu ya masahihisho, akanisogezea, nikaandika jina langu pale palipoandikwa mama. Nililiandika vizuri, herufi kubwa. Nilikuwa nimelingoja miezi mitano na nilidhani litaniponya roho.

Wifi akaanza kukusanya karatasi zake. Zilikuwa nyingi na bahasha ilikuwa imechanika pembe, kwa hiyo nikamhamishia mtoto bega la kushoto nikamsaidia kwa mkono mmoja. Tukawa tunazipanga, za Kisumu chini, za Kisii, za hapa. Nikashika moja nyeupe iliyokuwa haijakunjwa bado, nikataka kuichomeka katikati na wenzake.

"Hiyo weka juu," akasema. "Jumatatu niko na daktari tena."

Nikaiweka juu.